Kwanza Mpigieni Vinka

Jugo ilikuwa inavuma siku ya tatu, na mtu yeyote wa Šibenik atakwambia: upepo huo wa kusini ukishafika siku ya tatu, usimwombe jirani chumvi, usimwulize mkeo swali, na usikate shauri lolote mpaka ugeuke. Kichwa kinagonga, nguo hazikauki, kuta za mawe zinatoka jasho, na watu wanaopendana wanatukanana kwa sababu ya kijiko. Sasa siku hiyo, katika siku zote za mwaka, ndiyo Vinka Gojanović aliyorudi mjini kwao kama mtalii.

Kama mtalii, ndiyo! Miwani myeusi, kofia pana, na basi la wenzake wa kazini kutoka Mannheim, ambako alikuwa dereva wa tramu. Wenzake walipanga matembezi ya wiki moja pwani, na ratiba ilisema Šibenik watashuka saa tisa alasiri, waondoke saa kumi na mbili jioni. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba hapo ndipo alipozaliwa. Angewaambia nini? Kwamba baba yake anaishi dakika kumi tu kutoka gatini, na hawajasemezana miaka kumi na mmoja?

Alikuwa na mpango. Angekaa mkahawani kando ya maji, mgongo auelekeze mjini, anywe kahawa mpaka basi liwashwe. Mpango mzuri, ila matako yaligoma. Aliketi, akainuka, akabadilisha kiti, akavua kofia, akaivaa tena.

"Wewe vipi leo?" aliuliza Heike, mwenzake wa zamu. "Umekalia miiba?"

"Ni upepo."

Heike, ambaye upepo haukumsumbua hata kidogo, alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo uliokuwa ukutani, anapiga picha. "Hizi karatasi zenye ukingo mweusi ni nini? Menyu?"

"Ni wafu," alisema Vinka bila kugeuka. "Huku mtu akifa wanambandika ukutani. Jina, umri, saa ya mazishi."

"Umejuaje?"

"Nimesoma kwenye kitabu cha watalii."

"Basi kuna mmoja anazikwa leo hii. Ro-ko. Roko Go-ja-no… Ehe! Huyu jina lake kama lako!"

Vinka hakukumbuka baadaye kama aliinuka au aliinuliwa. Alijikuta tu pua yake iko mbele ya ubao. ROKO GOJANOVIĆ, miaka 79. Mazishi leo saa kumi alasiri, makaburi ya Mtakatifu Ana. Picha ilikuwa imelowa na wino umetiririka, uso umebaki doa la bluu. Na chini ya jina, mahali pa kuandikwa lakabu, jugo ilikuwa imebandua karatasi na kwenda nayo.

Lakabu ndiyo kila kitu. Kwetu akina Gojanović ni wengi kuliko paka, na kila mjukuu anapewa jina la babu yake, kwa hiyo ukiita "Roko!" pale sokoni wanageuka watu na samaki. Bila lakabu, posta wenyewe wanapotea. Baba yake Vinka aliitwa Roko Shwari, kwa sababu hajawahi kuwa shwari hata siku moja tangu azaliwe. Halafu kulikuwa na Roko Ngisi, aliyebatizwa naye wiki moja, mwaka huohuo. Wa umri huo walikuwa hao wawili tu. Kwa hiyo ndani ya sanduku yumo Ngisi, au yumo baba.

"Ee Mungu, awe Ngisi," aliomba Vinka, na papo hapo akaona haya, maana Ngisi alikuwa akimpa peremende alipokuwa mdogo.

Alipiga simu ya nyumbani. Namba ile haikuwahi kumtoka kichwani. Ikaita, ikaita, ikaita, mpaka ikajikata. Amwulize nani? Mhudumu wa mkahawa alikuwa msichana wa bara, aliyekuja kwa msimu wa kiangazi tu. Na hata angepatikana mtu wa mji, utamwuliza kwa mdomo gani? Samahani bwana, eti baba yangu yu hai?

"Heike, nishikie kofia," alisema, akaanza kupanda ngazi.

Mji wetu ni ngazi tupu, na jugo ikivuma ngazi zinateleza kama zimepakwa mafuta ya samaki. Vinka alipanda mbilimbili, na hasira yake ya zamani ikapanda naye. Miaka kumi na mmoja nyuma mama yake, Luce, alifariki mwezi wa tatu. Baba akaenda kwa mpiga chapa, akachukua karatasi, ndoo na brashi, akabandika mbao sita kwa mkono wake, kuanzia sokoni mpaka bandarini. Mji mzima ukajua, mji mzima ukazika. Vinka akiwa Mannheim alipata habari siku ya tatu baada ya mazishi, kwa ujumbe wa binamu: pole sana dada, maua yalikuwa mazuri.

Akampigia baba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilibandika," alijibu baba. "Mbao zote sita."

"Mimi sikai ukutani, baba!"

Akakata simu. Wiki hiyohiyo akabadilisha namba, asimpe hata binamu. Hasira hasara, wanasema wahenga, lakini nani husikiliza wahenga akiwa na hasira?

Ubao wa pili ulikuwa pembeni ya kanisa dogo. Jugo ilikuwa imeusafisha kabisa, zimebaki pini na gundi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Hakukuwa na mtu uchochoroni wala dirishani, maana kwetu mazishi ya saa kumi watu hutoka saa tisa, wapate kusema maneno ya marehemu njiani.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha mrihani, palepale ulipokuwa ukikaa tangu Vinka anasoma. Aliingia akiita, "Baba? Baba!" Nyumba ilinuka kahawa na rangi ya mashua. Kikombe kimoja juu ya sinki. Akaenda moja kwa moja chumbani, akafungua kabati. Suti nyeusi haikuwapo. Viatu vyeusi havikuwapo. Sasa suti nyeusi ya mzee wa Šibenik hutoka kabatini kwa mambo mawili: kumzika mtu, au kuzikwa nayo. Vinka alisimama akiitazama ile hanga tupu.

Jikoni, chini ya bakuli la sukari, ndipo alipoiona ile karatasi. Ukingo mweusi, msalaba, na herufi kubwa: ROKO GOJANOVIĆ (SHWARI). Mahali pa tarehe palikuwa wazi. Chini, kwenye wenye msiba: binti yake, Vinka. Peke yake.

Aliigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa baba, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. *Kwanza mpigieni Vinka. Halafu ndiyo mbandike.* Na namba ya simu, imepigiwa mstari mara mbili.

Ilikuwa namba ya zamani.

"Mama yangu wee," alisema Vinka, akakaa sakafuni. Kwa hiyo walimpigia. Baba aliwausia, nao wakampigia, na mashine ya Kijerumani ikawajibu kwamba namba hiyo haipo. Haikuwa jugo wala ukuta uliomficha baba yake safari hii, alikuwa yeye mwenyewe. Alilia kwa sauti kama mtoto aliyefungiwa nje. Kisha kengele ya kanisa ikagonga saa kumi, akaruka, akatoka mbio na karatasi mkononi, mlango akauacha wazi.

Makaburi ya Mtakatifu Ana yako juu kabisa, chini ya ngome, na mwenye kufika huko mbio hana pumzi ya kuuliza. Aliona migongo myeusi, miavuli inayopigana na upepo, padri ameshika vazi lake lisimfunike uso. Akapita katikati yao kwa viwiko. Akalifikia jeneza, akalilalia kifudifudi.

"Baba! Baba yangu, nisamehe! Namba nilibadilisha, baba!"

Padri aliishia katikati ya sala. Kisha mjane wa marehemu, bibi mmoja mfupi mnene aitwaye Perina, akainua ushungi wake taratibu.

"Baba?" alisema. "Baba yako nani?"

Vinka aliendelea kulia.

"Binti wa nje!" Perina aliligeukia jeneza, akalipiga kofi. "Ngisi! Mshenzi wewe! Ndiyo maana safari zako za meli zilikuwa haziishi! Miaka hamsini nakufulia soksi, na hata sandukuni hujatulia?"

"Perina, tulia kwanza…" alisema padri.

"Nitulie? Azae yeye nje, nitulie mimi?"

Hapo sauti moja ya kukwaruza ikatoka mstari wa nyuma, walikosimama wenye mashada.

"Vinka! Ondoka hapo! Hilo si sanduku langu!"

Vinka aliinua kichwa. Mzee amesimama na suti nyeusi iliyompwaya, shada la maua limemning'inia begani, masharubu yamelowa, macho yamemtoka. Alikuwa amekonda. Alikuwa na hasira. Alikuwa mzima kabisa.

Makaburini hakuchekwi, hiyo ni adabu. Lakini nakwambia siku hiyo watu waliinamisha nyuso kwenye vitambaa, mabega yakawa yanaruka, na hawakuwa wakilia wote. Perina mwenyewe alimtazama Vinka, akamtambua, akamfuta machozi kwa ncha ya ushungi wake. "Kumbe wewe ni wa Luce! Lia tu, mwanangu, Ngisi hakatai machozi. Lakini ukimaliza, nenda kalie kwenu."

Waliposhuka, baba alitangulia na binti akafuata mpaka ngazi ya mwisho. Simu ya Vinka ililia. Heike. "Nendeni," alimwambia. "Mimi nimefika." Baba alikisikia hicho Kijerumani chote asielewe neno, akakohoa.

Nyumbani mzee aliweka birika jikoni, akaliondoa, akaliweka tena. Akakaa, akasimama. Vinka alimtazama, akajua alikorithi matako yasiyotulia. Alitoa ile karatasi, akailaza mezani.

"Umepekua," alisema baba.

"Ilikuwa chini ya sukari. Si mahali pa kuficha kitu."

"Sikuificha. Nimeiweka pale jirani yangu Perina aione nikidondoka. Leo za Ngisi, asubuhi nzima mikono yake haikujua izibandike vipi, nikambandikia mimi. Na gundi ni mbaya siku hizi."

"Baba. Kwa nini hukunipigia? Siku ile ya mama."

Mzee alikwangua doa la rangi kwenye kidole. "Kubandika, mikono inajua kazi. Simu ni mdomo. Niliishika mara nne, Vinka. Kila nikifika namba ya tatu naona nikikwambia, basi atakuwa amekufa kweli. Nikasema nibandike kwanza, nitapiga jioni. Jioni nikasema kesho. Kisha ukapiga wewe, na jugo ilikuwa inavuma, nikakujibu vile."

"Ilikuwa jugo?"

"Sijui. Labda haikuwa."

Vinka alichukua kalamu, akaigeuza karatasi. Akaikata namba ya zamani, akaandika mpya chini yake. Baba akavaa miwani, akainama juu ya bega lake.

"Hiyo ni moja au saba?"

"Saba."

"Ikate tumbo basi, kwa kistari. Mtu akikosea hapo?"

Akaikata tumbo. Baba akaichukua karatasi, akaisoma midomo ikitikisika, kisha akatoka nayo kwenda koridoni, ambako simu ya nyumba imening'inia ukutani tangu enzi za mama. Vinka alidhani anakwenda kuitunza. Akasikia kitufe kimoja kikibonyezwa. Cha pili. Cha tatu. Kisha kimya kirefu, mpaka akataka kuinuka. Halafu vilivyobaki, kimoja kimoja.

Simu ikalia mfukoni mwake.

"Haloo?"

"Vinka?" Sauti ilimjia mara mbili, sikioni na kutoka koridoni. "Ni baba."

"Naam, baba."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nina habari mbaya, mwanangu. Mama amefariki. Leo alfajiri, usingizini, hakuteseka. Nimeanza na wewe. Sijabandika popote, na hatuziki mpaka ufike."

Vinka alishika ukingo wa meza kwa mkono wake wa pili.

"Nakuja, baba," alisema. "Nisubiri. Nakuja."