Mafuta ya Taa Kila Jumapili

Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya jengo lisilo na paa. Mjane alisimama kwenye dirisha la stoo, bintiye kando yake. Siku hiyo binti alikuwa anaanza kazi ya kufunga nondo.

"Shemeji, na wewe umekuja kuomba kazi?" mtunza stoo alitania. "Zege letu zito, litakuvunja kiuno."

"Nimemleta mwanao," mjane alisema, akifungua taulo. "Atavaa ya baba yake."

Helmeti ya njano iling'aa kama sahani mpya. Mwenye helmeti alikuwa amefariki kwa kifua, kitandani, miaka mingi iliyopita. Yeye na mtunza stoo walianza vibarua pamoja.

"Siku hizi tunavaa za bluu tu," mtunza stoo alisema, bila kuinua macho.

"Fundi aliyepita sasa hivi amevaa ya njano," mjane alisema.

Binti aliinamisha uso. Mtunza stoo akaichukua helmeti, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Unaitunza vipi?"

"Kila Jumapili naifuta kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, kisha naianika dirishani. Sijaruka hata wiki moja." Alisema kwa fahari, kama anayesifu mtoto.

Mtunza stoo aliiweka mezani. Akatwaa helmeti nyingine rafuni, akaibana ubavuni kwa viganja viwili, ikabonyea, ikarudi. Kisha akaibana ile ya rafiki yake, taratibu. Ilialika kama kijiti kikavu. Ufa ukapanda kutoka ukingoni hadi utosini.

"Mafuta ya taa yanakula plastiki, shemeji. Jua nalo linaikausha. Tofali lingeipasua pamoja na kichwa kilichomo."

Mjane aliutazama ufa.

"Yeye alikuwa haifuti kabisa," alisema. "Nilikuwa namgombeza."

"Najua. Alikuwa akitusimulia, tunacheka."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeimaliza."

Binti ndiye aliyesema, "Mama, nivishe hiyo nyingine. Nitachelewa."

Mjane akaipokea helmeti mpya, akamvika, akakaza mkanda chini ya kidevu.

"Hii inaoshwa na nini?"

"Maji na sabuni ya kawaida. Ikauke kivulini."

"Maji na sabuni," alirudia. "Kivulini."

Kengele ikalia. Mtunza stoo aliikata ile ya njano vipande viwili kwa msumeno, kama kanuni inavyotaka, ili isivaliwe tena, kisha akawahudumia waliokuwa foleni. Binti alipanda orofa ya tatu, akafunga nondo hadi jioni. Mkanda ulikuwa umembana mno, lakini hakuulegeza. Mjane alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikiwa imezidi, bila kujifunika kichwa.