Mama Mkwe Ashika Gia

Kitendawili! Nyumba yangu ina vyumba vitano. Mgeni nikimweka cha tatu, anatoka mwenyewe. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimeuchukua: ni gia ya pikapu ya Gaetano, ile anayobebea ndizi za sokoni Hai Mauna.

Asubuhi ile haikubeba ndizi. Ilimbeba Ritah, mkewe, kwenda kliniki, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hashuki. Harriet, mama yake Ritah, alikaa nyuma juu ya magunia matupu, maana kwao Buganda mkwe na mama wa mke hawagusani, hawasemezani ana kwa ana, wala hawakai kiti kimoja. Gaetano akiweka namba tatu, kha! inachomoka. Ikabidi Ritah aibane mwenyewe kwa mkono, huku analia.

"Ritah, muulize huyo mume wako," Harriet akapaza sauti dirishani, "gia inaruka kwa nini?"

Gaetano akakaza macho barabarani.

Walipokaribia mtaa wa Atlabara, Ritah akalegea, mkono ukaanguka. Gia ikaruka. Wakajaribu kwenda na namba mbili. Rejeta ikachemka, mvuke ukafunika kioo. Gaetano akishika gia, usukani unamshinda kwenye mashimo. Nusura waingie mtaroni. Akasimama, akalaza paji la uso juu ya usukani.

Harriet aliona damu kwenye leso ya binti yake. Akaruka chini, akafungua mlango, akajipenyeza katikati.

"Nyabo, mama, hapana!" Gaetano akajibana pembeni kama aliyeona nyoka.

"Hapana nini? Mila ndiyo itamzalisha? Endesha, bwana, ssebo!"

Namba tatu ilipoingia, akaikamata gia kwa mikono miwili, goti lake likigonga goti la mkwe. Kila shimo lilimvuta mabega. "Yesu, shika na wewe," alinong'ona. Hakuiachia.

Kliniki, wakunga walimpokea Ritah, wakavuta pazia. Wawili wakabaki kwenye benchi, kila mtu ncha yake. Wakangoja, wakangoja. Ndipo ikaja sauti ya mtoto, nyembamba. Kisha ya Ritah, imekauka, anaomba maji.

Harriet akafuta macho kwa kiganja kilichochubuka. Akauliza tena, safari hii bila kupitia kwa mtu: "Gia inaruka kwa nini?"

Gaetano akatazama miguu yake.

"Mkono wangu, nyabo. Miaka minne naulaza juu ya gia nikiendesha, raha tu. Fundi Tombe alinionya: uzito wake unakula uma wa ndani, ule unaoshika gia. Mimi nikamcheka."