Dozi ya Mwalimu wa Kwaya

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi kola za sare za shule mteja wake alipoingia kumwambia kwamba mume wake yeye fundi yuko zahanati ya ozoni, amekaa benchi la mbele, na anaonekana hajambo. Fundi akazima pasi, akajitupia mtandio, akaenda. Mumewe walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia.

Enzi za uhai wake alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa kifua kipana na sauti ya kutikisa vioo vya madirisha. Virusi vilipomwingia mapafuni, hospitali kuu ilimlaza ikamwekea oksijeni, na daktari wa wodi hakuwaficha: dawa ya kukiua kirusi kile hawakuwa nayo, walichoweza ni kumsaidia apumue hadi mwili ujipiganie wenyewe. Mdogo wake hakuridhika. Alisema kaka yake hawezi kulazwa asubiriwe kama ndizi zilizofukiwa ziive. Alikuwa amesikia habari za zahanati inayotoa damu ya mgonjwa na kuitia chupani, kuipulizia gesi ya ozoni, kisha kuirudisha mshipani ikiwa safi. Fundi aliuliza kama kuna aliyethibitisha kwamba inaponya mapafu. Mwenye zahanati, ambaye watu walimwita Daktari wa Hewa, akamjibu kwa upole kuwa wenye maswali mengi ndio huleta wagonjwa wakiwa wamechelewa. Wakamtoa mgonjwa wodini, wakamvua oksijeni. Alikata roho kwenye kiti cha zahanati, sindano ikiwa bado mkononi.

Sasa alikuwa amekaa na shati jeupe alilozikwa nalo, udongo kidogo mabegani. Chumba kilinuka kama hewa baada ya radi.

"Umefuata nini huku?" fundi akamuuliza.

"Daktari alisema nisikatize dozi."

Sauti ilikuwa ileile, ila hakuvuta pumzi kabla ya kusema. Fundi akampangusa udongo. Akamgeukia shemeji yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akimleta kaka yake asubuhi na kumrudisha makaburini jioni, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku ya mazishi.

"Shemeji, niache," akasema. "Ngoja kwanza amalize."

Daktari wa Hewa naye hakuona ajabu. Alieleza kuwa damu imegoma kutoka, kwa hiyo siku hizi anampulizia sikioni. Kisha akawageukia waliokuwa kwenye foleni akawaambia wajionee wenyewe: mgonjwa hana kikohozi, hana homa, na oksijeni hahitaji hata kidogo.

Mama mmoja alikuwa amempakata binti yake, mtoto mkubwa wa kutosha kuona haya kupakatwa. Kifua cha mtoto kilikuwa kinakoroma. Mama akamsogelea fundi.

"Dada, ni kweli hakohoi tena?"

"Hakohoi."

"Na homa?"

"Amepoa. Mama, huyu ni marehemu. Nimemzika mwenyewe. Mrudishe mtoto hospitali, wamwekee oksijeni."

"Pole sana, dada," mama akasema, na ilionekana imemgusa. "Lakini kifua chake kimepona?"

Fundi akamweleza tena, polepole, jinsi walivyomtoa wodini na jinsi alivyokuwa akimkamata mkono akitafuta hewa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema hospitali nako walimwambia asubiri, na yeye kusubiri hawezi. Watu wa foleni wakamwomba fundi apunguze sauti, kuna wagonjwa.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, mtoto akaitwa. Akang'ang'ania shingo ya mama yake. Mwalimu wa kwaya akamwinamia, kama alivyozoea kuwainamia watoto wanaoogopa kuimba peke yao.

"Ingia tu, mwanangu," akamwambia. "Haiumi."

Mtoto akamwamini, akateremka, akaingia kwa miguu yake.