Seli za Dada

Seli zilizokuwa kwenye visahani zilitoka kwenye uvimbe wa dada yake, na hilo ndilo lililomponza fundi wa maabara. Mkuu wake alitaka kumpa kazi ile mtu mwingine, naye akashikilia kwamba ataiweza.

Kazi yenyewe, kupima kama dawa mpya itamfaa dada, aliijua vizuri. Kila seli ina vipokezi, mfano wa viti vidogo vilivyopangwa nje ya ukuta wake. Kichocheo cha ukuaji kikikaa kitini, seli hupata amri ya kujigawa. Dawa hiyo ilikuwa inagombea kiti hichohicho, ila ikishakaa inanyamaza, na amri haipiti. Katika ugomvi huo, wengi ndio washindi. Kwa hiyo kabla ya kipimo seli hulazwa njaa: maji ya lishe, yaliyojaa vichocheo, hunyonywa yote ili viti vibaki wazi, kisha hutiwa dawa pamoja na kichocheo kidogo kilichopimwa.

Alipofika hapo, mkono ukagoma. Mama yao aliwaacha wangali wadogo, na dada ndiye aliyemlea, akisingizia kushiba ili yeye ale. Leo amlaze njaa? Ulikuwa upuuzi mtupu, naye alijua. Hata hivyo aliziachia seli lishe yao, akatia dawa juu yake, akazifungia kwenye kabati la joto zinamokuzwa, akaenda nyumbani roho imetulia.

Majibu yalipotoka, seli zilikuwa zimestawi. Daktari akasema dawa haimfai mgonjwa, na nyingine hana. Dada hakulia. Alitoa nguo zake kabatini, akaanza kuzigawa; gauni la bluu akampa mdogo wake.

Akiwa na gauni lile mapajani, fundi alishindwa kujizuia. Akaeleza yote: lishe aliyoiacha, vichocheo vilivyojazana kwenye viti, dawa iliyokosa pa kukaa.

Dada aliweka chini nguo aliyoishika. "Kwa hiyo ulikuwa unaulisha ugonjwa wangu."

"Niliona ni wewe, dada."

"Ulipougua utotoni nilikubana pua nikakumiminia dawa chungu, ukashinda unanililia. Ulidhani sikupendi? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nenda kazilaze njaa hizo seli."

Asubuhi alikiri kwa mkuu wake. Mkuu alimwambia wazi kwamba onyo litamfuata, kisha akasimama ubavuni mwake wakati anarudia kipimo kwa visahani vya akiba. Safari hii alinyonya lishe yote mpaka tone la mwisho, machozi yakimtoka.

Siku ya majibu aliinamia darubini kwa muda mrefu. Seli zilikuwa chache, zimesinyaa, hakuna hata moja iliyokuwa ikijigawa. Zilimtia huruma, na hakuwahi kufurahi namna ile maishani mwake.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kuuliza kama atapona. Wote wawili walijua kwamba hilo bado halijulikani. Akainuka, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho akanyoosha mkono.

"Na gauni langu la bluu," akasema, "ulilete."