Ufa wa Kengele ya Nane

Asubuhi ya Krismasi, Winifred Askew alikuwa akimenya viazi aliposikia kengele za kanisa ambazo aliambiwa hazitalia.

Akaweka kisu chini. Wiki iliyopita Enid Thackray, rafiki yake wa miaka arobaini na kiongozi wa wapiga kengele, alimjia mlangoni na uso wa msibani. "Kengele yako ina ufa, mwenzangu. Fundi hapatikani mpaka Februari. Mwaka huu hatupigi; mji wa York utatusamehe." Winifred alimhurumia hata akamfungia nusu ya keki ya zabibu.

Kengele yake ni ya nane kati ya nane za mnarani, ile kubwa. Alikuwa ameivuta Krismasi thelathini na tisa, na hii ndiyo ingetimiza arobaini. Sasa akatega sikio, akahesabu moja hadi nane. Hakuna iliyokosekana, na ya nane haikuwa na ufa hata wa unywele. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akatoka na aproni yake, barafu njia nzima, akapanda ngazi za mnara akihema. Juu, watu wanane walisimama duara, kila mmoja na kamba yake. Mahali pake palikuwa na jibaba asilolijua. Sanduku ambalo marehemu mumewe Len alimchongea asimamie, kwa kuwa ni mfupi, lilikuwa pembeni, limebebeshwa kinasa sauti cha redio.

Enid akamwona. Lakini mpiga kengele haachi kamba katikati wala hapigi soga. Kengele ikishapata mwendo, ukizubaa itakurusha darini. Ikabidi aendelee kuvuta, macho hana pa kuyaficha. Winifred akaketi kwenye benchi mbele yake, akamtazama dakika kumi nzima. Moyo ulimuuma, na hakujisumbua kuuficha.

"Simameni," Enid akaamuru mwishowe, na mnara ukanyamaza. "Wini, redio walitaka kuturekodi. Nawe siku hizi unachelewa kidogo kuvuta. Sikutaka kukuumiza."

"Ungeniambia nimezeeka, ningenuna siku mbili yakaisha. Wewe umenizulia ufa."

"Nilikuonea huruma."

"Na huruma yako ikala keki yangu."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Winifred akakitua kinasa sauti sakafuni taratibu, akalikwapua sanduku la Len na kuelekea mlangoni. Enid akamfuata. Tangu wote wawili wafiwe na waume, chakula cha Krismasi walikuwa wakila pamoja, kwa Winifred.

"Saa saba nije, kama kawaida?" Enid akauliza kwa sauti ndogo.

Winifred alishuka ngazi mbili, akageuka.

"Jiko langu lina ufa, mwenzangu," akasema. "Fundi hapatikani mpaka Februari."