Vidole Viwili vya Punje

Kinyozi hakuwahi kusoma karatasi ya matangazo kwa bidii kama alivyoisoma ile ya bustani ya michezo. Shule zilikuwa zimefungwa, na mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameitisha kikao sebuleni kupanga safari. Televisheni ilizimwa na Mwalimu akashika kalamu. Mtoto wao, ambaye kwa udogo wa mwili wote walimwita Punje, alikuwa anarukaruka juu ya kochi akidai jambo moja tu: kupanda Joka na baba yake.

Joka lilikuwa treni ya chuma inayopanda juu kuliko paa za maghorofa, inasimama kidogo kama inayojiuliza, kisha inajitupa chini na watu wake. Kinyozi alipata kizunguzungu hata akichungulia dirisha la ghorofa ya pili. Siri hiyo aliilinda kwa nguvu zote. Mtu anayepitisha wembe kwenye koo za wanaume wenzake hawezi kujulikana kwamba anaogopa kiti.

"Hapa wanasema mwenye matatizo ya mgongo haruhusiwi," alisema.

"Wako umeanza lini?" mkewe akauliza.

"Leo asubuhi."

"Utapona kabla ya Jumamosi. Endelea kusoma."

Akaendelea, na mara uso ukamng'aa kama para iliyotoka kupakwa mafuta. Mtoto asiyefikia alama ya langoni hapandi. Hapohapo akamsimamisha Punje kwenye fremu ya mlango, pekupeku, akanyoosha futi kamba. Vilipungua vidole viwili.

"Masikini mwanangu," alisema, akijitahidi kuhuzunika. "Sheria ni sheria. Labda mwakani, tukijaliwa."

Punje alikuwa keshafungua mdomo kulia, lakini shangazi yake akamwahi. Shangazi alikuwa msusi, na alimjua Kinyozi, kaka yake, tangu enzi za kukojoa kitandani.

"Vidole viwili ndivyo vya kumliza mtoto? Niachieni mimi. Urefu ni nywele."

"Huo ni udanganyifu," alisema Kinyozi, ambaye riziki yake nusu ilitokana na kuwapaka wazee piko la kuficha mvi.

Ijumaa Shangazi alimkalisha Punje katikati ya magoti tangu asubuhi, akamsuka mnara ambao hata ndege angeweza kutagia. Kinyozi alipita na mashine ya kunyolea mkononi, akasema huko waendako kuna joto, pengine mtoto apunguzwe kidogo. Shangazi alimwelekezea tu kitana chenye mkia wa chuma, na Kinyozi akaenda zake.

Kwenye lango la Joka, binti wa kupima alikuwa ameshaona minara mingi. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Punje, akakandamiza polepole. Kazi ya siku nzima ikanywea kama mpira uliotobolewa. Kinyozi akashusha pumzi ya raha.

"Anafika," alisema binti. "Huku tunapima na viatu. Pita na baba."

Mwalimu na Shangazi wakabaki kwenye benchi na mabegi. Kinyozi akaingia foleni akimshika mwanawe mkono, au mwanawe akimshika yeye. Juu ya vichwa vyao Joka likapita, na ndani yake mtu mzima mwenye ndevu alikuwa anamwita mama yake.

Kinyozi akachuchumaa. "Mwanangu, nikuambie kitu. Baba yako anaogopa."

Punje akamsogelea sikioni. "Mimi pia. Tangu tulipofika."

"Sasa mbona hukusema?"

"Shangazi alinisuka siku nzima."

Pembeni ya foleni palikuwa na kijilango cha watu waliobadili mawazo, na baba na mwanawe wakakipita wakiwa wameinamisha vichwa kama wezi wa kuku. Walijibanza nyuma ya kibanda cha soda mpaka Joka likamaliza mzunguko. Kinyozi akamtimua Punje nywele kwa ustadi wa kazi yake, akafungua vifungo vya shati lake, na wakatokea mbele ya benchi wakipepesuka.

"Vipi huko?" Mwalimu akauliza.

"Hatari," alisema Kinyozi. "Lakini ukishazoea, kawaida tu."

"Mlikaa behewa gani?"

"La mbele kabisa," alisema Kinyozi.

"La nyuma," alisema Punje, kwa wakati uleule.

Shangazi alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Mwalimu hakucheka. Alimfunga mumewe vifungo vya shati, kimoja kimoja.

"Balbu zote za nyumbani nabadilisha mimi," alimwambia kwa upole. "Ulidhani sijui kwa nini?"

Kisha Mwalimu akabeba mabegi na kuwaongoza wote kwenye farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Punje alichagua mweupe. Kinyozi alikagua farasi wote, akapanda yule aliyeharibika, asiyepanda wala kushuka.