Betri ya Pili

Watu wa mji huu wana roho nzuri. Nalisema mapema, msije mkanisingizia kwamba Mardhiya binti Muhanna hana shukrani. Wana roho nzuri kupita kiasi, na roho yao nzuri hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mie nilipooza miguu yote miwili utotoni, kwa homa. Nikakua natambaa ndani ya nyumba ya baba yetu hapa hapa Bagamoyo, na nikitaka kutoka nasubiri mtu anibebe. Marehemu baba alinisomesha mwenyewe, Kurani na Kiswahili na hesabu, na barua za mtaa mzima zikawa zinaandikwa barazani kwangu. Lakini kutoka? Mpaka kaka yangu Alawi afunge duka. Na Alawi akifunga duka, kachoka. Nilikaa hivyo mpaka mvi zikaanza kuniota.

Halafu mdogo wetu Hamoudi, aliyekwenda Kuwaiti kutafuta maisha, akaniletea kiti kwa meli. Kiti cha magurudumu kinachokwenda chenyewe kwa betri, unasukuma kijiti kwa kidole nacho kinakutii. Siku ya kwanza nilipokwenda nacho mpaka sokoni nililia njia nzima, na aliyeniuliza nalia nini nilimtukana.

Tatizo mchanga. Kiti kile kilitengenezwa kwa watu wa lami, na njia zetu mnazijua. Betri ilinifikisha sokoni, basi, ikazimika, na magurudumu yenyewe madogo, hayazungushiki kwa mkono. Ndipo fundi Kombo wa gereji akahangaika mpaka Dar es Salaam, maana vitu miaka ile vilikuwa haba, akanipatia betri nyingine ya gari. Akaitia kwenye sanduku la mbao lenye mfuniko, akalifunga nyuma ya kiti, akapitisha waya na kuweka swichi chini ya mkono wangu. Ya kwanza ikichoka nabonyeza, ya pili inashika. Na zote mbili akawa ananichajia yeye gerejini kwa jenereta yake. "Bi Mardhiya," alinionya, "siku utakayotoka na hii ya akiba ikiwa haijajaa, utalala njiani."

Mwaka ule serikali ilikuwa inafuta ujinga kila pembe, watu wazima wote wasome. Wanawake wa mtaani kwetu wakasema mwalimu wanayemtaka ni mimi. Bwana Elimu, yule ofisa aliyeletwa kusimamia madarasa, akaja barazani. Aliitazama miguu yangu kwanza, uso baadaye.

"Mama, darasa liko kwenye ghala la zamani la nazi, ng'ambo ya soko. Mwalimu lazima afike mwenyewe, kila siku. Mwalimu wa kubebwa sina kazi naye."

"Nitafika mwenyewe," nikamwambia.

"Haya. Alhamisi, saa nane mchana. Nitakuwepo."

Nikahesabu akilini: betri ya kwanza mpaka sokoni, ya pili kutoka sokoni mpaka ghalani, na gereji ya Kombo iko ukuta kwa ukuta na ghala, atazichaji nikifundisha. Wallahi sikutaka kingine duniani. Nilitaka nitoke nyumbani bila ya kumwomba mtu, nikae mbele ya watu na chaki mkononi, waniulize nami niwajibu.

Sasa sikilizeni walichonifanyia. Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo palikuwa na maulidi nyumbani kwa Mzee Bwanaheri, jirani yetu. Katikati ya kasida betri ya kipaza sauti chake ikakata. Mzee akaja kwa Alawi, mie nimelala: "Bwana, dada yako si ana betri ya akiba? Imekaa tu haina kazi." Alawi akaitoa. Nani Bagamoyo atanyima kitu cha maulidi? Hata mie nisingenyima. Ningewaambia neno moja tu, kwamba ikitumika hujazwa. Lakini hakuna aliyeniuliza. Kwao betri ni sawa na sufuria la pilau: unaazima, unapikia, unalisugua, unarudisha. Wakasoma nayo mpaka alfajiri, wakaifuta vumbi, wakairudisha kwenye sanduku na waya zake vilevile. Na betri ikiisha, uzito wake haupungui. Alawi hakunambia kitu. Hakuona kama kuna la kuniambia.

Alhamisi nikaoga, nikavaa buibui jipya, nikatoka. Sandukuni nilisikia harufu ya marashi, nikadhani ni yangu mwenyewe. Njiani kila mtu: "Mwalimu huyo! Mwalimu!" Kichwa kikanivimba, sikatai. Sokoni betri ya kwanza ikazimika, kama nilivyojua. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Pembeni alikuwepo Bi Tatu, muuza vitumbua, mmoja wa wanafunzi wangu, naye alikuwa anaelekea huko huko darasani.

"Shoga, nifungulie sanduku hilo nyuma, utazame waya."

Akafungua, akaangua kicheko. "Bi Mardhiya! Kumbe umebeba na halua!"

Halua! Fungu zima, limefungwa kwenye gazeti, limewekwa juu ya betri, na betri yenyewe imerashiwa marashi kama mgeni wa heshima. Maana kwetu sisi chombo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Ukiazima sahani, unarudisha na chochote ndani. Hapo hapo nikaelewa maulidi yale yaliwika kwa betri ya nani. Nikatamka neno ambalo mtoto wa Muhanna hakulelewa kulitamka.

Basi roho nzuri ikaanza. Wachukuzi wa sokoni wakaja mbio, wakakishika kiti pembe zote nne, hewani! Nikasema niwekeni chini. Nikasema nendeni gereji mkamwite Kombo. Nani anasikia? "Usione haya, Bi Mardhiya, sisi si ndugu zako?" Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapitishwa soko zima mabegani, na mikono nimeikaza kwenye kiti nisianguke, kama kabati la bibi harusi linapelekwa kwa mume. Wakanitua mlangoni pa ghala, mbele ya Bwana Elimu, huku wanajifuta jasho na kucheka.

"Nilisemaje, mama?" akaniuliza.

Bi Tatu ndiye aliyenisemea, na lile fungu la halua bado kalishika mkononi. Akaeleza maulidi, akaeleza betri, akaapa. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alifikiri, akasema, "Jumatatu, saa nane. Mwenyewe. Usipofika mwenyewe nitaweka mtu mwingine."

Jenereta ya Kombo ilikuwa haina mafuta mpaka kesho yake, basi wachukuzi wakanirudisha nyumbani vilevile, nikamkuta Alawi. Nilisema nikasema mpaka sauti ikakauka. Akashika kichwa. "Kumbe inaisha?"

"Kaka, hata kandili inaisha mafuta! Ulidhani inakula nini?"

Machozi yakamlengalenga, nami nikamwonea huruma, mjinga mie. Nikamwambia asubuhi azipeleke zote mbili kwa Kombo. Akasema inshallah. Kweli, Ijumaa asubuhi akazifungua, akazipakia kwenye rukwama, akaondoka nazo. Nikamwombea dua.

Baada ya sala ya Ijumaa wanawake wakaanza kumiminika. "Hongera, Bi Mardhiya! Umejijengea nyumba peponi!" Nyumba gani tena? Kumbe kaka yangu kasimama msikitini mbele ya jamaa wote, kazitoa betri mbili wakfu, za kipaza sauti cha msikiti, kwa jina langu. Akaingia uso unang'aa.

"Nimekuondolea nuksi, dada. Kile kiti kinakuumbua. Thawabu zote nimekuandikia wewe. Na Jumatatu usijali, nitakubeba mwenyewe mgongoni."

"Alawi, wakfu wa mali ya mtu bila ya idhini yake haufai! Hata wewe baba alikufundisha hilo."

"Basi nenda ukawaambie wazee wa msikiti wazing'oe."

Niende na nini? Nikamwita Kombo. Akaja, akakaa, akainamisha kichwa. "Bi Mardhiya, nikaonekane nafungua waya za msikiti, nani ataniletea gari tena mji huu? Na nyingine sina." Nikamtuma Mzee Bwanaheri, aliyekuwa chanzo cha yote, aende msikitini. Akarudi na majibu ya watu: "Wanasema asante ya punda mateke." Wote hao wananipenda, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia kitu changu.

Jumatatu ikafika. Alawi kafunga duka mapema, kaja kuchutama mbele yangu. "Panda, dada." Nikamwambia ondoka. Nikajifunga kanga magotini na viganjani, nikashuka kizingiti. Watu wazima walioniona natambaa ndani miaka yote walikuwa hawajapata kuniona natambaa njiani. Sokoni watu wakaacha biashara zao. Wachukuzi wakanijia, nikawaambia atakayenigusa nitamng'ata, na uso wangu ukawaonyesha kwamba sitanii. Mchanga wa saa saba ulikuwa unaunguza kama kikaango. Bi Tatu akatembea kando yangu na kitabu chake. Nikafika ghalani kabla ya saa nane. Mwenyewe.

Wanawake wote wakasimama. Bwana Elimu akanitazama nilipo pale chini, viganja vinatoka damu, akageuza uso.

"Nimefika mwenyewe, bwana."

"Nakuona, mama. Lakini siyo hivi. Wageni wakija kutoka wizarani wakukute hivi? Haifai. Nenda kapumzike." Akampa chaki kijana mmoja kutoka kijiji cha Kerege, aliyekuwa kakaa tayari kwenye benchi. Naye alikuwa kaitwa tangu asubuhi.

Nilirudi kama nilivyokwenda. Alawi alikuwa mlangoni, kawaka kwa hasira na aibu.

"Mtoto wa Muhanna anatambaa sokoni! Watu watasemaje juu yetu? Kwa nini umetufanyia hivi?"

"Miguu yangu umeipa msikiti, kaka. Ulitaka niende na nini?"

Adhana ya alasiri ikaanza, kubwa, safi, haikatikikatiki. Akachukua kofia yake, akaenda kusali.